Dawa za ADHD: ya masaa machache, ya kutwa nzima, isiyo kichangamshi, au uanze bila dawa? Angalia kwanza nani ataishika

Mtoto ameshaonwa na dokta wa afya ya akili, iwe hospitali ya Bugando au kwingine, mkaambiwa ana ADHD, yani ile hali ya kushindwa kutulia na kushindwa kushika umakini, basi mkifika nyumbani swali linakua moja, tumpe dawa au tusimpe, na kama tunampa ni ipi. Mimi nafanya kazi famasi hapa Mwanza, kwahiyo haya maswali nayapata kwenye kaunta, mzazi kashika cheti mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, na naona wengi wanaamua kwa bei au kwa maneno ya jirani, "hiyo ni dawa ya kulevya, usimpe mtoto". Bei ni kweli inauma na jirani naye ana ukweli kidogo, ila kuna kitu kikubwa zaidi ambacho karibu hakuna anayeniuliza: hiyo dawa itashikwa na nani kuanzia asubuhi mpaka mtoto analala? Ni mama mwenyewe, ni matroni wa bweni, ni dada wa kazi ambae na yeye ni mtoto tu, au kuna kaka mtu yuko chuo anakesha kusomea mitihani na anajua kabati liko wapi? Nitalinganisha hapa kwa kuanzia hapohapo, maana uzuri wa dawa kwenye karatasi na uzuri wake ndani ya nyumba yako ni vitu viwili.

Kwanza uhakika kwamba ni yenyewe

Hapa sitoruka haraka, maana kwa sisi wa kando ya ziwa kuna magonjwa yanayoweza kumfanya mtoto aonekane mzubaifu au msumbufu na yakapimwa kwa siku moja. Mtoto wa Igombe au Kayenze ambae kila akitoka shule yuko majini anaweza kua na kichocho, damu imepungua, darasani anasinzia na mwalimu anaandika "hana umakini". Minyoo hivohivo. Selimundu nayo, kanda yetu hii ndo moja ya sehemu zenye wagonjwa wengi wa selimundu nchini, na inaweza kuleta viharusi vidogo vya kimyakimya kwenye ubongo, nje huoni kitu, mkono unafanya kazi mguu unafanya kazi, ila umakini unashuka. Alafu kuna masikio, mtoto anatoka usaha mwaka mzima, nusu ya anachosema mwalimu hasikii, sasa atatuliaje? Macho pia. Na kuna kifafa cha kuzubaa, hiki kinawapita wengi, mtoto anakodoa macho sekunde chache, ukimwita haitiki, alafu anaendelea na alichokua anafanya kama hamna kilichotokea, na hiyo inaweza kujirudia mara nyingi kwa siku. Huyo anahitaji dawa ya kifafa. Na anaekoroma usiku kwasababu ya mafindofindo makubwa, mchana lazima awe kituko maana hajalala.

Yakishaondolewa hayo ndo tunaongea ADHD, na vigezo vyake viko wazi: dalili zianze kabla ya miaka 12, zikae angalau miezi 6, na zionekane sehemu mbili au zaidi, mfano nyumbani na shule. Kama anasumbua kwa mwalimu mmoja tu, kwenye darasa lililojaa mpaka wengine wanakaa chini, na nyumbani anacheza bao na babu yake saa nzima bila shida, hapo mimi ningeuliza tena kabla sijanunua kidonge chochote. Duniani inakadiriwa kama watoto 5 kati ya 100 wanayo, kwahiyo ipo kweli, sio ugonjwa wa kizungu kama wengine wanavosema, na pia sio kila mtukutu anayo.

Bila dawa na dawa

Kwa mtoto chini ya miaka 6 sina mjadala mrefu, miongozo ya Marekani, na ya Uingereza kwa walio chini ya miaka 5, inaanza na mafunzo ya wazazi, dawa inakuja baadae sana kama hali ni mbaya na iko chini ya mtaalamu. Watu wakisikia mafunzo ya wazazi wanadhani wanaambiwa hawajui kulea. Hapana. Ni mbinu za kukaa na mtoto mwenye ubongo wa namna hii. Mfano, mama anamwambia mtoto wa miaka 8, "nenda kachote maji, ukirudi ufagie hapo, alafu kamwite mdogo wako mje mle." Mtoto anatoka na ndoo, bombani anakuta wenzake wanacheza, nusu saa baadae ndoo iko pembeni tupu na yeye yuko juu ya mti. Anapigwa. Kesho hivohivo. Mbinu inasema msogelee, mtazame usoni, mwambie kitu kimoja, "kachote maji", akwambie mwenyewe ulichosema, akirudi na maji msifie palepale, sio jioni, alafu ndo umtume la pili. Ratiba ya asubuhi iwe ileile kila siku. Shuleni akae mbele, mbali na dirisha na mlango, kazi ndefu akatiwe vipande. Haya hayana gharama ya famasi ila yana gharama ya uvumilivu, na mwalimu mwenye watoto wengi akikubali hata nusu yake mshukuru.

Kwa wakubwa zaidi, utafiti mkubwa uliotoka Marekani mwaka 1999 ulichukua watoto 579 wa miaka 7 mpaka 9, ukawagawa makundi manne: dawa iliyosimamiwa kwa karibu, mafunzo ya tabia peke yake, vyote viwili, na kundi lililoachwa kwenye matibabu ya kawaida ya mtaani. Baada ya miezi 14 dalili zenyewe zilishuka zaidi kwa waliopata dawa ya kusimamiwa, iwe na mafunzo au bila, ila waliopata vyote viwili walifanya vizuri kwenye mambo mengine kama kuelewana na wazazi na kupunguza wasiwasi, na walitumia dozi ndogo kidogo. Mimi hapo naangalia sana neno "kusimamiwa", maana hata kundi la mtaani wengi walikua wanameza dawa, ila hakuna aliewafuatilia kwa karibu na matokeo yao yalikua chini. Na walipofuatiliwa mpaka mwaka wa tatu tofauti kati ya makundi ikawa imeisha. Kwahiyo dawa inasaidia kweli, na inasaidia vizuri, ila usitegemee umeze miezi sita uache umepona, na usitegemee kununua tu kidonge bila kurudi kwa dokta.

Metilfenideti: ya masaa machache au ya kutwa nzima?

Hii ndo dawa ambayo wengi wataandikiwa. Ilitengenezwa mwaka 1944 na Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba huko Uswisi, na jina Ritalin alilitoa kwa mke wake, Marguerite, wakimwita Rita. Kazi yake ni kuzuia dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo seli za ubongo zinatumia kupeana taarifa, zisirudishwe haraka ndani ya seli hizo, zikae pale kwenye njia ya mawasiliano muda mrefu kidogo, na hapo ndo mtoto anaweza kushikilia jambo moja mpaka liishe. Mzazi anashangaa, kichangamshi, yani dawa ya kuamsha ubongo, kinamtulizaje mtoto? Kinaamsha ile sehemu ya mbele ya ubongo inayosema "subiri kwanza".

Ya muda mfupi inafanya kazi masaa 3 mpaka 4 hivi. Uzuri wake ni kwamba bei yake huwa chini ukilinganisha na ile ndefu, dokta anaweza kuanza na miligramu 5 akapandisha taratibu, na ikimkataa mtoto basi jioni imeshatoka mwilini. Ubaya wake ni dozi ya mchana. Akimeza saa moja asubuhi, saa tano imeisha na masomo bado, kwahiyo kuna kidonge lazima kiende shule. Kinaendaje? Kwenye mfuko wa kaptula? Hapo ndo matatizo yanapoanza, maana kitapotea, kitagawiwa, au mkubwa wa darasa la saba atakitaka. Kama hamna mwalimu mmoja aliekubali kabisa kukaa nacho, kwenye bahasha imeandikwa jina na idadi, akampa mtoto akiona anameza, mimi sishauri ya muda mfupi kwa mtoto wa shule ya kutwa. Na mwalimu mwenyewe umuulize kwanza, usimtume mtoto na bahasha.

Ya muda mrefu, Concerta ndo maarufu, inamezwa mara moja asubuhi na kuachia dawa polepole kwa masaa 10 mpaka 12. Kidonge hakiondoki nyumbani, mama anamwona mtoto anameza, kwisha. Na hicho kidonge kimetengenezwa kwa namna ambayo ni ngumu kukisaga ukapata unga wa kunusa, ndani kuna sehemu inayovuta maji na kusukuma dawa nje kupitia kitundu kidogo. Sio kwamba haiwezekani kabisa kuitumia vibaya, hapana, ila kazi yake ni kubwa na faida kwa mwizi ni ndogo. Kisikatwe wala kutafunwa, kimezwe kizima. Na jambo moja la kujiandaa: ganda lake haliyeyuki. Mama mmoja, mwanae alianzishiwa Nairobi kabla hawajahamia huku, alikuja hapa kwangu amekasirika, akasema, "Dada, hizi dawa feki, nimeiona yenyewe chooni imetoka nzima!" Nikamwambia, mama, hilo ni ganda tupu, dawa imeshatoka kwa kile kitundu. Akakaa kimya, akaniuliza, "sasa mbona hawakunambia?" Alikua na haki ya kuuliza.

Shida ya ndefu ni bei na upatikanaji, usitegemee kuikuta duka lolote, na mtoto akiimeza akachelewa, mfano saa nne asubuhi, usiku hatolala. Ukiona cheti kimeandikwa ndefu na mfuko hauruhusu, usimpe kwa kurukaruka, wiki moja unampa wiki moja humpi, rudi kwa dokta umwambie ukweli, anaweza kubadilisha kwenda fupi kwa mpango unaoeleweka.

Madhara ya kawaida ya zote mbili yanafanana: njaa inapotea, usingizi unachelewa, kichwa, tumbo, moyo kwenda mbio kidogo na presha kupanda kidogo, na jioni dawa ikiisha wengine wanakua na hasira au machozi ya ghafla. Kwa njaa, mpe chakula cha asubuhi kabla ya kidonge, na kisiwe chai ya rangi tupu na andazi moja, mpe matobolwa, yani viazi vitamu vilivokaushwa, na maziwa, uji wa maana, yai, maana mchana atakula kidogo sana, alafu saa mbili usiku njaa inarudi kwa nguvu na hapo umwachie ale ugali na samaki mpaka ashibe hata kama wengine wameshamaliza. Urefu unaweza kupungua kasi kidogo, ndo maana anatakiwa apimwe urefu angalau kila miezi 6, uzito mara nyingi zaidi akiwa mdogo, na presha na mapigo ya moyo kila dozi ikibadilika. Kabla ya kuanza mwambie dokta kama kwenye ukoo kuna mtu alidondoka akafa ghafla akiwa kijana, au kama mtoto mwenyewe huwa anazimia akikimbia au ana tatizo la moyo. Mara chache sana mtu anaanza kusikia sauti au kuona vitu, hapo unaacha unamrudisha hospitali sikuhiyohiyo.

Jamii ya amfetamini

Hizi ni Adderall, Vyvanse na ndugu zao, za Marekani zaidi. Zenyewe haziishii kuzuia dopamini isirudishwe, zinaisukuma itoke kwa wingi. Zinafanya kazi, kuna watoto wanaozipokea vizuri kuliko metilfenideti, na Vyvanse imetengenezwa ikiwa imefungwa na kipande cha protini ambacho mwili ndo unakikata polepole, kwahiyo hata ukiinusa haikupi ile kasi. Ila kwa mtu wa Mwanza sizipi nafasi. Ninachokiona ni shangazi au mjomba aliyeko Marekani anatuma chupa kwenye begi la mtu anaekuja, na nia yake ni nzuri kabisa. Jamani, amfetamini na metilfenideti zote ziko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, zinasafiri kwa karatasi za vibali. Japani wanaizuia Adderall hata kwa mgonjwa mwenye cheti. Na huku kwetu kuna sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 2015, anaekutwa nazo bila cheti anakua anaelezea polisi sio dokta. Alafu chupa ikiisha je? Mtoto ameshazoea dozi ambayo hakuna dokta huku aliyempangia, na ndugu kashabadilisha kazi hana bima tena. Kwangu hii inatoka kwenye mashindano.

Atomoksetini na klonidini, ambazo sio vichangamshi

Atomoksetini, jina la biashara la kwanza Strattera, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002. Kwa wastani nguvu yake kwenye dalili iko chini ya vichangamshi, na inachelewa, wiki 4 mpaka 6 hivi ndo unaona kitu cha maana, wengi wanaiacha wiki ya pili wakisema haifanyi kazi. Ila ina sifa moja ambayo kwa nyumba nyingi ninazozijua ina uzito kuliko hiyo yote: hakuna anaeiiba. Haikupi raha, haikukeshi, haiuziki mtaani. Kaka mtu akimeza atapata kichefuchefu tu. Inafanya kazi mchana na usiku, kwahiyo asubuhi ile ya vurugu za kutafuta kiatu nayo imo. Madhara yake ni tumbo, kusinzia, njaa kupungua, na mawili ya kuangalia kwa macho mawili: macho kua ya njano au mkojo kua kama chai, hiyo ni ini, ni nadra ila unaacha na kwenda hospitali; na kwa watoto na vijana, hasa miezi ya mwanzo, mawazo ya kujidhuru. Hilo la pili limeandikwa kwenye onyo kubwa la dawa hiyo, na mzazi lazima aulize waziwazi, "mwanangu, kuna siku unatamani usingekuepo?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kapsuli isifunguliwe, unga wake unawasha macho.

Klonidini ni dawa ya zamani ya presha ambayo madokta wanaitumia pia kwa ADHD, hasa mtoto mwenye fujo nyingi, anaetikisatikisa uso na mabega bila kutaka, au asielala. Inasinziza. Lakini usiiache ghafla, presha inaweza kuruka juu.

Na hapa kuna kitu cha kwetu kabisa. Mtu wa Ukerewe au wa visiwa vya mbali zaidi anaefuata dawa mjini, ziwa likichafuka au nauli ikikosekana, anaweza kukaa siku kadhaa bila dawa. Kwa metilfenideti kwa dozi ya dokta siku hizo hazileti hatari, dalili zinarudi tu, mtoto anakua vilevile alivokua. Atomoksetini nayo haina kishindo ila ule utulivu uliojengeka kwa wiki nyingi unalegea. Klonidini ndo ya kuogopa. Kwahiyo kama unaishi mbali na hospitali, mwambie dokta unaishi wapi kabla hajaandika, yeye anaweza kudhani unakaa hapahapa mjini, Nyakato.

Sasa upande wa matumizi mabaya

Anakuja kijana, begi mgongoni, anasubiri watu waishe kaunta. "Anti, ile ya kusomea ipo?" Nawaita wadogo zangu hawa, na siwafokei, maana ukimfokea ataenda kuinunua kwa mtu asiyejua chochote. Namuuliza unataka nini hasa, ananiambia mitihani wiki ijayo, hajasoma, kuna mtu kamwambia kuna kidonge kinafungua kichwa.

Hakifungui. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa Australia kwa watu 40 wazima wasio na ADHD, wakapewa siku tofauti metilfenideti, deksamfetamini ya jamii ya amfetamini, modafinili ambayo ni dawa ya kuzuia usingizi, au kidonge kisicho na kitu, bila kujua ni kipi, alafu wakapewa mafumbo ya kujaza begi: una vitu vyenye uzito na thamani tofauti, chagua upate thamani kubwa bila kuzidisha uzito. Waliomeza dawa walihangaika zaidi na kutumia muda mwingi zaidi, ila ubora wa majibu ulishuka, na waliokua wazuri bila dawa ndo walioelekea kushuka chini ya wastani. Ndo hicho anachokipata mwanafunzi: anakaa mpaka alfajiri, anajiona yuko moto, anahamisha noti kwa kalamu za rangi, na kwenye chumba cha mtihani hana usingizi wala kumbukumbu, maana kumbukumbu inatulia mtu akilala.

Na tofauti ya mgonjwa na mtumiaji mbaya iko kwenye dozi na kasi. Kidonge kilichomezwa kwa dozi ya dokta kinapandisha dopamini taratibu, mtoto hasikii raha yoyote, wengine wanalalamika kabisa hawaipendi. Ukikisaga ukanusa, au ukameza vingi kwa pamoja, inapanda kwa ghafla, na ule mruko ndo unaoleta raha, na raha ndo inayorudisha mtu kesho. Hapo inafuata moyo kudunda, presha, joto la mwili, kuweweseka na kuona watu wanakufuatilia, degedege, na mara chache kiharusi au moyo kusimama. Wanaojidunga wanaingiza mpaka unga wa talki wa kidonge kwenye mishipa, unaenda kukaa kwenye mapafu. Ikiisha kuna kuanguka: usingizi wa siku nzima, njaa, huzuni nzito. Ongeza hapo makopo mawili ya vinywaji vya kuongeza nguvu, au konyagi ambayo kichangamshi kinaficha ulevi wake, mtu anakunywa kupita kiasi akidhani yuko sawa.

Wengine wananiambia si bora mirungi, ni majani tu, wanaokesha barabarani wanatafuna. Kathinoni ya kwenye mirungi ni ndugu wa karibu wa amfetamini, inafanya kazi kwa njia ileile, na hapa nchini imekatazwa. Hujachagua kitu kingine, umechagua kilekile kisicho na dozi. Na vidonge vya mtandaoni ndo kabisa usiguse, Marekani wamekamata Adderall bandia zenye methamfetamini au fentanili, dawa kali sana ya maumivu, ndani, na kwa macho hutofautishi.

Mwezi wa 5 mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo kubwa la vichangamshi vyote lisasishwe, na ikaeleza kwamba wengi wanaozitumia vibaya wanazipata kwa ndugu au rafiki. Sio kwa muuza unga wa kona. Kwa ndugu. Ndo maana nang'ang'ania habari ya nani anashika.

Kuna swali moja la wazazi ambalo nalijibu kwa moyo wote: je nikimpa mtoto leo, atakua teja kesho? Tafiti zilizofuatilia watoto waliotibiwa kwa vichangamshi mpaka wakakua, zikijumlishwa, hazikuona kwamba dawa iliwaongezea uwezekano wa kuingia kwenye ulevi. ADHD yenyewe isiyotibiwa ndo inaongeza hatari hiyo, maana kijana anaruka kwenye mambo kabla hajafikiri. Kwahiyo kumnyima dawa anayoihitaji kwa kuogopa uteja haimkingi.

Ningechagua nini, kwa nyumba ipi

Mtoto wa shule ya kutwa, mama au bibi yupo asubuhi, hamna kijana mkubwa wa kutilia mashaka: metilfenideti ya muda mrefu kama mfuko unaruhusu, kama hauruhusu ile fupi asubuhi, na ya mchana kwa mwalimu mmoja anaejulikana. Mtoto wa bweni, hapa sibabaiki, naegemea atomoksetini, au ile ndefu kama tu kuna nesi wa shule anaefunga kabati na kuandika. Fupi bwenini hapana, kitanda kwa kitanda, wiki haiishi. Nyumba yenye mtu anaetumia au aliyewahi kutumia unga, mirungi au pombe kupita kiasi, atomoksetini kwanza, na umwambie dokta sababu bila aibu. Mtoto mwembamba sana au aliyetoka kuumwa, tibu mwili kwanza, dawa inayoua njaa isubiri. Mtu mzima mwenye ADHD anaendesha gari au anafanya kazi ya zamu, ajue kwamba dawa ikimsaidia haimlipii usingizi, akichoka alale.

Nyumbani, dawa ikae kwenye kitu chenye kufuli, sio juu ya friji. Hesabu vidonge kila Jumapili uandike nyuma ya kadi ya kliniki, usimtangazie kila mgeni kwamba mtoto anameza nini, na vilivobaki dawa ikibadilishwa rudisha famasi au hospitali. Duka la dawa muhimu la mtaani haliruhusiwi kuuza hizi, kwahiyo ukiambiwa "ipo, ngoja nikuletee" bila cheti, ondoka. Na vikipungua viwili vitatu ambavyo huvielewi, usianze na fimbo, kaa na kijana pembeni umuulize anasomaje na analala saa ngapi, alafu umweleze dokta akubadilishie kwenda isiyoibika. Ila ukimkuta mtu amemeza nyingi, anatetemeka, ana joto kali, moyo unakimbia, anaongea vitu havieleweki au kifua kinambana, usimpe maziwa wala kumtapisha, chukua na boksi la dawa lenyewe umkimbize dharura ya hospitali iliyo karibu, na waambie ukweli alichomeza na saa ngapi.